Kishimo Kilichokataa Rangi

Watu wa mtaa wake kule Al Amerat, Maskati, walimjua Muhsina binti Khalfan kwa swali moja. Ukikutana naye harusini, ukikutana naye msibani, hata ukimpitia nyumbani kuazima sufuria, hazipiti dakika tano keshakuuliza: "Na wewe, mwenzangu, surua uliwahi kuugua?" Wengine walimcheka na kumwita Bi Surua. Hakujali. Kazi yake ya maabara ilikuwa imemwingia mwilini, naye aliipenda.

Mwaka wa 1999, habari hii ilipoanza, alikuwa ametimiza miaka arubaini. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka, na mikono yake ilitulia kiasi kwamba maabara nzima ilimwachia yeye vipimo vya matone madogo kabisa. Alizaliwa Tabora, ambako babake alikuwa na duka la nguo karibu na stesheni. Mamake, Bi Mahbuba, alikuwa Muunguja aliyeolewa bara. Walikuja Maskati mwaka wa sabini na nne, Muhsina ana miaka kumi na mitano na Kiarabu chake ni cha kusalia tu. Alianza darasani na watoto waliomfika kiunoni, akavumilia, akasoma, akawa fundi wa maabara. Akaolewa na askari wa trafiki, mtu mpole asiyemaliza gazeti, akazaa Ghassan na Khawla. Babake alipofariki, wakamleta Bi Mahbuba akae nao, na chumba cha mbele kikawa chake, na harufu ya marashi ya mawaridi ikahamia humo naye.

Katika nyumba ile kulikuwa na habari moja iliyosimuliwa kwa ufupi sana. Muhsina alikuwa na mdogo wake, Sayyida, aliyekufa Tabora kwa surua akiwa na miaka minne. Bi Mahbuba alikuwa akisema hivi, na hakuongeza neno: "Mlilala nyote wawili kitanda kimoja, wewe huku, yeye huku. Mungu akamchukua mmoja, akaniachia mmoja." Kisha atauliza kama chumvi imetosha.

Muhsina mwenyewe hakukumbuka kulala na Sayyida. Alikumbuka ua wenye njiwa wengi, na maziwa mgando ndani ya kibuyu, na mgongo wa mwanamke mpana unaonukia moshi. Alikwisha jiambia kwamba hizo ni ndoto za homa. Na kila alipojaza fomu ya kazi, palipoulizwa kama aliwahi kuugua surua, aliandika ndiyo bila kuinua kalamu. Mara mbili chanjo iligawiwa kwa wafanyakazi, na mara zote mbili waliougua zamani waliambiwa hawana haja nayo. Akapita bila sindano.

Basi mwaka ule akaja Daktari Hatem, kijana wa miaka thelathini na kitu, karudi kutoka masomoni na begi limejaa makaratasi. Kiswahili alikinyonya kwa mamake, kwa hivyo hakuwa na haja ya mkalimani. Alikuwa na utafiti wake. Watoto wa siku hizo walikuwa wakichanjwa sindano moja yenye kinga tatu: ya surua, ya perema na ya rubela. Lakini mama zao na dada zao wakubwa walizaliwa kabla ya neema hiyo. Rubela ndiyo iliyomnyima usingizi daktari, maana kwa mwanamke mzima ni vipele vya siku tatu na kuumwa viungo, mtu hata haachi kupika. Ila ikimkuta ana mimba changa, humharibu mtoto tumboni, macho, masikio, moyo.

"Nnataka kujua vitu viwili," aliwaambia siku ya kwanza, amekaa juu ya meza kama mwanafunzi. "Nani ana kinga na nani hana. Na la pili, tukimwuliza mtu uliugua au hukuugua, akatujibu, tumwamini yeye au tuiamini damu yake?"

Kazi ya kwenda mitaani walipewa Muhsina na Edith. Edith alikuwa Mkenya wa Nyeri, mrefu, mnyamavu mpaka akuzoee, aliyekuja Maskati kufanya kazi ya maabara pamoja na mumewe Nahashon, fundi wa mitambo ya baridi. Wakapewa gari na dereva, Musallam, mzee wa Bawshar aliyejua kila njia na kila mtu aliyewahi kuishi kando yake.

Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa wa maneno.

"Hapa kwa fomu umeandika surua," Edith alisema. "Sisi tunaita ukambi."

"Ukambi!" Muhsina akacheka. "Mie ningedhani unaniuliza kama nilikaa kambi ya jeshi. Na perema je?"

"Perema ndiyo nini?"

Muhsina akajaza hewa mashavuni na kuyashika kwa mikono miwili.

"Ah! Matubwitubwi!"

Musallam, ambaye Kiswahili alikisikia tu bila kukisema, alilirudia neno hilo kutwa nzima nyuma ya usukani, na likawa ndilo jina lake la Edith mpaka siku alipoondoka.

Wakaandika maneno yote kwenye fomu, ya Unguja, ya Kenya, ya Kiarabu, maana katika nyumba moja ya Bawshar ungeweza kumkuta bibi wa Mwanza, mkaza mwana wa Bujumbura na wajukuu wasiojua ila Kiarabu. Rubela ndiyo iliyowatesa. Kwa Kiarabu watu waliiita surua ya Kijerumani, na Muhsina akaitafsiri hivyo hivyo kwa bibi mmoja mkongwe, mwenye kanga mbili na miwani mizito. Bibi akakunja uso.

"Babangu aliwaona Wajerumani Tabora kwa macho yake," alisema. "Walileta reli, walileta na kiboko. Vipele? Vipele sijasikia."

Edith alitoka nje kwa kicheko, akamwacha Muhsina na fomu.

Hizo ndizo siku Muhsina alizokuja kuzililia moyoni baadaye. Asubuhi wakitoka Al Amerat, gari likiteremka baina ya milima ile ya mawe yasiyo na jani, kijisanduku cha barafu katikati ya viti, kanda ya taarabu iliyochakaa ikiimba kwa sauti ya chini. Nyumba waliyobisha hodi haikuwaacha watoke bila kahawa. Walivua viatu mara ishirini kwa siku. Wanawake walinyoosha mkono watolewe damu huku wakisimulia: aliyeugua kwenye treni, aliyepakwa maji ya mwarobaini, aliyefungiwa chumbani akavalishwa nguo nyekundu. Muhsina aliandika, Edith alifunga mpira wa mkono na kutafuta mshipa. Wakirudi hupita soko la Mawaleh, kwa kuwa Musallam hawezi kuliona soko akalipita. Yeye huchagua maembe kwa kuyanusa moja moja kama mtu achaguaye uturi. Muhsina hutafuta muhogo na nazi. Edith hutafuta sukuma wiki, na kila wiki huikosa, na kila wiki huuliza tena.

"Aki, Mama Ghassan," alimwambia siku moja, ameshika fungu la mchicha kwa huzuni, "nchi ina kila kitu, inakosa sukuma tu."

"Hiyo ndiyo inayokukumbusha kwenu, usiichukie."

Mwezi wa tatu wa utafiti, daktari akataka mashine zijaribiwe kwa damu za watu wanaojulikana kabla ya kuanza kuzipima za mitaani. Wafanyakazi wakajitolea. Kila mmoja akapewa namba, na Muhsina akawa kumi na saba.

Kipimo chenyewe hufanywa kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo tisini na sita. Unatia majimaji ya damu ya kila mtu katika kishimo chake, unasubiri, unaosha, unatia dawa, unasubiri tena. Kama damu ina kinga, kishimo hugeuka manjano. Kama haina, kinabaki cheupe kama maji ya kisima. Muhsina aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake, akakifunika kisahani, akaenda kusali adhuhuri, akarudi.

Kisahani cha perema kilikuwa sawa, cha rubela sawa. Katika kisahani cha surua vishimo vilikuwa vimepiga manjano mstari mzima, halafu pengo, halafu manjano tena.

"Namba kumi na saba ni ya nani?" Edith aliuliza akiinama. "Huyu hana kitu."

"Ni yangu," Muhsina akasema. "Nimekosea kutia. Mimi niliugua, tena niliugua vibaya."

Akarudia siku ya pili, akihesabu matone kwa sauti. Pengo likabaki pale pale. Siku ya tatu akamwachia Edith afanye yote, damu mpya, kisahani kipya, yeye kakaa kitini mikono mapajani. Edith alikiinua kisahani kwenye mwanga, pengo lile lile. Alikiweka mezani mbele ya Muhsina, akavuta kiti, akakaa karibu.

Daktari Hatem alikitazama. Akamwomba Muhsina aketi, ingawa alikuwa ameketi.

"Kinga ya aliyeugua surua hudumu maisha," alisema. "Siwezi kuapa kwamba damu haisahau hata siku moja. Hutokea. Ila ni nadra. Na mtu wa umri wako ambaye hakuwahi kuguswa nayo, huyo pia ni nadra. Katika mambo mawili ya nadra, moja ni lako. Mama yupo?"

"Yupo, alhamdulillahi."

"Muulize. Muulize taratibu."

Alingoja mpaka Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana mumewe alijinyoosha na gazeti lake, watoto wakaenda kwa shangazi yao, na Bi Mahbuba akakaa kwenye mkeka chumbani kwake akichagua mchele. Redio ilikuwa ikisoma Kurani. Muhsina akaipunguza, akakaa upande wa pili wa ungo.

"Mama, nnataka kukuuliza jambo la zamani."

"Zamani ipi tena? Mie mwenyewe wa zamani."

"Ile surua ya Tabora."

Vidole vya Bi Mahbuba vikasimama juu ya mchele. "Nishakwambia. Mlilala nyote wawili."

"Damu yangu inasema sikulala."

"Damu inasema? Siku hizi damu zinasema?"

"Zinasema, mama. Nimeiuliza mara tatu."

Bi Mahbuba akatoa chuya moja, akaitia kwenye kisosi. Akatoa nyingine. Muhsina, aliyezoea kungoja vishimo vibadilike rangi, akangoja.

"Hukuugua," mamake akasema mwishowe, sauti ndogo. "Hata chafya hukupiga. Vipele vilipomtoka Sayyida asubuhi, Mama Nyamizi alikuwa kwangu kaleta maziwa. Unamkumbuka Mama Nyamizi? Ng'ambo ya reli, yule mwenye njiwa."

Muhsina akasogea karibu. "Nnawakumbuka njiwa."

"Hakuniuliza. Alikuweka mgongoni, jitu zima la miaka saba miguu inaburura, akakuchukua. Nikamwambia usimrudishe mpaka nikwite. Ukakaa siku arubaini."

"Na Sayyida?"

"Mwanzo alikuwa akilia kwa macho tu, macho yakimuuma. Siku ya nane ikaingia kifuani. Hapo ndipo alipoanza kukuita. 'Muhsi yuko wapi? Muhsi aje.' Babako akaniambia, mwite mtoto, wacha waonane. Nyumba ile ilikuwa pale, Muhsina. Ningepiga ukelele mngesikia. Nikakataa. Nikamwambia babako, nikimwita huyo nitazika wawili. Nikamdanganya Sayyida. Nikamwambia dada yako kalala, akiamka atakuja." Akaufuta uso kwa upindo wa kanga. "Kafa anangoja uamke."

Redio ilikuwa ikiendelea pale pembeni. Muhsina alijaribu kuikumbuka sauti ya Sayyida, hakuipata. Alikuwa na uso wake nusu, na nywele zake zilizosukwa mabutu, basi.

"Kwa nini ukaniambia niliugua?"

"Ulipokuwa mkubwa kidogo ulianza kuuliza. Kila siku, mimi nilikuwa wapi, mimi nilikuwa wapi. Nikaona nikikwambia alikuita na hukuja, utajibebesha maisha yako yote. Nikaona bora nikulaze kitandani naye. Kwa maneno tu. Mgonjwa halaumiwi." Akainua macho. "Hebu nambie, nilikosa?"

Katika mitaa ya Bawshar na Seeb Muhsina alikuwa amekwisha andika majibu ya wanawake zaidi ya mia tatu, na kila aliyesema "mama alinambia" alimwekea alama ndogo pembeni, kwa kuwa daktari alitaka wajulikane. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, na hakujitia alama.

"Ungeniita ningekuja," alisema. "Ningekuja mbio."

"Ndivyo nilivyokuogopea."

"Basi hukukosa, mama. Leo sisi tunawafundisha watu hivyo hivyo, mgonjwa atengwe na mzima."

"Usiniletee maneno ya maabara," Bi Mahbuba akamkata, na kwa mara ya kwanza akalia kwa sauti. Muhsina akausogeza ungo, akamkumbatia. Walikaa hivyo mpaka mume akachungulia mlangoni, akawaona, akarudi kwenye gazeti lake bila kuuliza.

Alipotulia, Bi Mahbuba alishtuka kama mtu aliyekumbuka chungu motoni. "Ngoja. Kama hukuugua, ina maana mpaka leo unaweza kuugua?"

"Naweza."

"Na unashika damu za watu kutwa! Nenda kachanjwe."

"Nitakwenda, mama."

"Kesho. Na mie nakuja."

Alikuja kweli. Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha afya, Muhsina alipanga foleni na kinamama wenye watoto wachanga, na pembeni yake Bi Mahbuba kavaa baibui lake la kutokea. Muuguzi wa zamu, Hamdiya, mwanamke mkavu wa maneno, aliangalia nyuma ya Muhsina, akaangalia chini, akaangalia tena.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto ni huyu," Bi Mahbuba akajibu kabla binti yake hajafungua mdomo.

Kinamama wakacheka. Hamdiya hakucheka. Aliuliza kama ana mimba, akamwambia asishike mimba miezi mitatu, na Muhsina akaitikia kwa adabu huku masikio yamemwaka moto. Kadi za watu wazima zilikuwa zimekwisha, akapewa ya watoto, yenye picha ya bata. Sindano ilipoingia Bi Mahbuba alimshika mkono wa pili kwa nguvu, na midomo yake ilikuwa ikisoma. Hakumwachia mpaka wakafika garini.

Majuma sita baadaye namba kumi na saba ilipimwa tena. Edith alikibeba kisahani kwa mikono miwili, akapita nacho meza kwa meza kama mtu apitishaye sinia la halua, ili kila mtu aone kishimo kilivyopiga manjano.

Utafiti ulikwisha mwaka wa 2001. Daktari Hatem aliandika kwamba katika wanawake wale, kumbukumbu na damu ziliachana mara nyingi kuliko alivyodhani. Wapo walioapa hawakuugua na vishimo vyao vikawaka, wapo waliosimulia homa zao kwa tarehe na damu ikanyamaza. Alipendekeza mwanamke asiachwe kuchanjwa kwa neno la mdomo. Majina ya walioshiriki hayakuandikwa, kama ilivyo desturi. Muhsina alisoma ukurasa wa shukrani kwa wafanyakazi, akamwonyesha mumewe jina lake, naye akaweka gazeti chini akalisoma mara mbili.

Ila kilichobadilika hasa kilikuwa nyumbani. Bi Mahbuba, aliyemzika Sayyida kwa maneno machache miaka thelathini na tatu, sasa alimfungulia mlango. Ilianza kidogo kidogo. Khawla akikataa maziwa, bibi husema, "Kama Sayyida, yeye mpaka utie sukari." Akiona jogoo kwenye televisheni: "Sayyida alikuwa akimwogopa jogoo, akimwona hupanda juu ya cherehani." Muhsina alikuwa akiacha anachofanya akasikiliza. Kidogo kidogo akampata mdogo wake kama mtu kamili, mkaidi, mpenda chumvi, aliyekuwa akiita treni "mama wa moshi". Siku nyingine walikuwa wakicheka mpaka Bi Mahbuba akashika mbavu.

Mwaka wa 2003 jamaa mmoja aliyekwenda Tabora alirudi na namba ya simu ya Nyamizi, binti wa yule jirani. Muhsina alinunua kadi ya simu, akapiga, na sauti ya mwanamke mzima ikajibu kwa Kiswahili cha bara, taratibu.

"Muhsina? Wewe ndiye ulikuwa unawapa njiwa wetu majina?"

"Mie sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Mama yako alipokuita, ulijificha nyuma ya kihenge. Ulikuwa hutaki kurudi kwenu. Mama alikutoa kwa nguvu."

Muhsina alicheka. Bi Mahbuba akamnyang'anya simu. Akauliza juu ya Mama Nyamizi, akaambiwa alifariki mwaka wa themanini na nane. Akamrehemu kana kwamba ni jana. Akauliza juu ya stesheni, juu ya duka, juu ya mtu aliyekuwa akiuza asali. Mpaka kadi inakaribia kumalizika ndipo alipouliza juu ya kaburi, haraka haraka. Nyamizi akamwambia hajui ni lipi, makaburi yale yamejaa, lakini amwambie upande gani naye atakwenda kuangalia. "Upande wa reli," Bi Mahbuba akasema. "Upande wa reli, karibu na ukuta," na hapo simu ikakatika. Walipopiga tena wiki ya pili, Nyamizi alikuwa amekwenda makaburini. Ukuta ulikuwa umevunjwa. Alisoma Fatiha, alisema, pale alipoona panafaa, ingawa yeye Mkristo na aliisoma kwa kuongozwa na mwalimu wa madrasa. Bi Mahbuba alimshukuru sana, kisha akampa salamu za watu ambao Nyamizi hakuwajua hata mmoja.

Bi Mahbuba alifariki mwaka wa 2005, mwezi wa Rajabu, kwa moyo. Aliyemsaidia Muhsina jikoni siku tatu za matanga alikuwa Edith, kajitanda kanga ya marehemu kichwani, anachochea uji wa wageni kwa mwiko mrefu, na wanawake wa Al Amerat wakiulizana ni jamaa yao wa upande gani.

Mwaka uliofuata Edith na Nahashon wakarudi Kenya. Wazazi wamezeeka na shamba halina mtu. Musallam ndiye aliyewapeleka uwanja wa ndege wa Seeb, ingawa alikuwa amestaafu, akaleta boksi la maembe na kumwamuru Matubwitubwi asile moja hata afike kwao. Muhsina hakuweza kuingia ndani. Aliaga pale pale penye mikokoteni ya mizigo, akarudi garini, na Musallam akamrudisha Al Amerat kupitia milima ile ya mawe.

Aliendelea na kazi mpaka 2009. Mashine mpya ilikwisha letwa, isiyotaka mikono iliyotulia. Unaweka damu upande huu, majibu yanatoka upande ule kwa karatasi. Wasichana waliokuja maabara walikuwa hodari na wapole kwake. Hakuna aliyekuwa akitoka kwenda kubisha hodi kwenye nyumba za watu, wala hapakuwa tena na sababu, maana kizazi chao kizima kilichanjwa utotoni, na neno surua kwao lilikuwa la kitabuni. Muhsina alimshukuru Mungu kwa hilo, kweli kweli. Lakini kulikuwa na siku, akisimama dirishani na kikombe, akatamani avue viatu milangoni mara ishirini, atiliwe kahawa, asimuliwe mtu alivyougua kwenye treni.

Edith humpigia simu kila Idi, naye Muhsina humpigia kila Krismasi. Wakianza, huko Nyeri Nahashon huchukua kofia akatoka shambani, na huku Al Amerat mume wa Muhsina huongeza sauti ya televisheni, maana waume wote wawili wanajua mazungumzo leo hayaishi.